NFL na beji za maombolezo: mmiliki anavaliwa miongo, mchezaji wiki chache, mwana wa marehemu anapigwa faini

Wanajamvi, heshima kwenu. Uzi huu ni wa malalamiko na sitazunguka mbuyu. Nimechoshwa na jinsi NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, inavyoamua ni marehemu gani anastahili kushonwa kwenye jezi, akae hapo kwa muda gani, na nani aadhibiwe kwa kumkumbuka mtu wake bila kibali.

Tuanze na Chicago Bears. George Halas, mwanzilishi na mmiliki wa timu hiyo, alifariki dunia tarehe 31 Oktoba 1983, na tangu msimu wa 1984 herufi GSH zimeshonwa kwenye mkono wa kushoto wa jezi, zikikatiza mistari ya mkono huo, na hadi leo hazijaondoka. Sina ugomvi na mzee Halas, kwa sababu alikuwa miongoni mwa walioiasisi ligi yenyewe mwaka 1920 na aliifundisha Bears kwa misimu 40. Ugomvi wangu unaanza ninapomtazama Walter Payton, mchezaji wa Bears aliyefariki tarehe 1 Novemba 1999. Huyu ndiye aliyestaafu akiwa amekimbia na mpira yadi 16,726, rekodi ya ligi kwa wakati ule, akigongwa na mabeki kila wiki kwa misimu 13 katika timu ileile. Beji yake yenye namba 34 ilivaliwa kwa mechi zilizobaki za msimu ule, kisha ikabanduliwa. Mmoja amepewa miongo minne na ushee, mwingine miezi miwili.

Najua kuna atakayesema kwamba Halas ni mwanzilishi na waasisi hawalinganishwi na wachezaji, na ataongeza kwamba Kansas City Chiefs nao wanavaa kifuani nembo ya iliyokuwa ligi ya AFL, iliyokuja kuungana na NFL, yenye herufi LH kwa ajili ya Lamar Hunt, mwasisi wa ligi hiyo, aliyefariki Desemba 2006. Sawa, hoja hiyo naielewa. Basi anieleze habari za Cleveland Browns. Al Lerner aliinunua haki ya kuirudisha timu hiyo, iliyokuwa imesimamishwa, mwaka 1998, akafariki Oktoba 2002, na herufi AL zikaendelea kukaa mkononi msimu baada ya msimu wakati mwanawe akiwa ndiye mmiliki. Hakuasisi ligi, wala hakuifundisha timu hata mechi moja. Alikuwa na hati ya umiliki, na mwanawe alikuwa na kauli ya mwisho juu ya kinachoshonwa kwenye jezi.

Wala si kwamba kufanya kwa kiasi hakuwezekani. Art Rooney aliyeianzisha Pittsburgh Steelers alifariki mwaka 1988, wachezaji wakavaa herufi AJR msimu ule, na msimu ulipokwisha beji ikatoka. Mwanawe Dan alipofariki mwaka 2017 ikawa hivyohivyo kwa herufi DMR. Hakuna aliyewahi kusema kwamba familia ya Rooney imesahauliwa Pittsburgh.

Sasa mchezaji. Sean Taylor wa Washington alipigwa risasi nyumbani kwake na kufariki tarehe 27 Novemba 2007, akiwa na miaka 24 tu. Siku chache baadaye timu yake ilicheza na Buffalo, na katika mchezo wa kwanza wa safu ya ulinzi waliingia watu kumi badala ya kumi na mmoja, nafasi yake ikaachwa wazi kwa makusudi. Beji yenye namba 21 ilivaliwa hadi msimu huo ulipomalizika, na haikuvuka hapo.

Kinachonichoma zaidi lakini ni faini. Kanuni za ligi zinasema kwamba beji ya jezi, stika ya helmeti au kitambaa cha mkononi cha kumuenzi mtu ni marufuku mpaka ofisi ya ligi iidhinishe mapema, na kwamba kinachoidhinishwa lazima kihusu tukio au mtu wa timu au wa ligi. Mwaka 2002, Johnny Unitas, gwiji wa ligi hii aliyeng'ara Baltimore, alipofariki, Peyton Manning wa Indianapolis aliomba kuvaa viatu vyeusi vyenye shingo ndefu kama alivyozoea kuvaa marehemu, akakataliwa, akatii. Chris Redman wa Baltimore alivivaa, akatozwa dola 5,000. Hebu niambieni, kama Unitas si mtu wa ligi, mtu wa ligi ni nani?

Mwaka 2015 ikawa zamu ya Cameron Heyward wa Pittsburgh. Aliandika neno “Iron” chini ya jicho moja na “Head” chini ya lingine, juu ya ile rangi nyeusi ya kupunguza mwako wa taa, kwa ajili ya baba yake Craig, aliyejulikana kwa jina hilo na aliyefariki kwa saratani mwaka 2006 akiwa na miaka 39. Faini ya kwanza ilikuwa dola 5,787. Alipoandika tena, ikawa takriban mara mbili ya hapo. Na huyo Craig Heyward alicheza katika ligi hiyohiyo kwa misimu 11, na mwaka 1993 alikuwa Chicago, maana yake alimaliza msimu mzima akimvalia Halas herufi zake mkononi! Yeye alimbeba mmiliki ambaye hakuwahi kumchezea, ila mwanawe hakuruhusiwa kumbeba yeye usoni kwa jioni moja.

Msiniambie kwamba kanuni ni msumeno, kwa sababu unakata upande mmoja tu. Mwaka 2016 Dallas Cowboys waliomba stika ya helmeti baada ya polisi watano kuuawa jijini mwao, ligi ikakataa. Mwaka 2020 ligi ileile iliruhusu majina ya waliouawa kwa ukatili wa polisi na ubaguzi yabandikwe nyuma ya helmeti, jambo ambalo mimi naliunga mkono kabisa, lakini linathibitisha kwamba kibali kinapotakiwa kupatikana, kinapatikana.

Ninachotaka ni kidogo. Muda uwe mmoja kwa kila marehemu, awe mmiliki, kocha au mtunza vifaa, na msimu mmoja unatosha. Zaidi ya hapo, mchezaji aliyefiwa na mzazi, mwenza au mtoto aruhusiwe herufi mbili au tatu nyuma ya helmeti bila kupeleka barua kwa mtu yeyote.

Anayetaka kuutetea utaratibu uliopo anakaribishwa, ila aanze na Cleveland: Al Lerner aliifanyia nini timu hiyo ndani ya miaka minne kilichozidi alichokifanya Walter Payton Chicago kwa misimu 13?