Naomba ushauri: kuonyesha upigaji wa nazi wa Santería darasani

Mwalimu wa Dini: Habarini wakuu. Naandaa kipindi kuhusu Santería, dini ya Kuba yenye asili ya Wayoruba wa Afrika Magharibi. Nataka wanafunzi waone jinsi waumini wanavyowauliza orisha, yaani miungu yao, kwa kurusha vipande vinne vya nazi. Nijuavyo, pande nyeupe (za nyama) zikitazama juu kwa wingi ni ndiyo, nyeusi (za ngozi) nyingi ni hapana. Inatosha? Na nazi yenyewe naiandaaje?

Mvule: Haitoshi mkuu. Ishara ni tano, na jibu thabiti kuliko yote si nyeupe zote nne. Ni Eyeife, mbili kwa mbili: ndiyo, usiulize tena. Alafia, nyeupe zote, ni heri, lakini hurushwa tena kuthibitisha. Itagua, nyeupe tatu, ni "huenda": kuna jambo halijakaa sawa, kwa hiyo swali huangaliwa upya kisha hurushwa tena. Okana, nyeupe moja, ni hapana. Oyekun, nyeusi zote, ni hapana nzito. Ikitokea hiyo, wafu huwashiwa mshumaa na kuulizwa wanachotaka.

Zingifuri: Chukua nazi iliyokomaa. Nyama ya dafu ni laini mno, na mbata hujikunja ikaangukia upande uleule kila mara. Ishike mkononi uipasue kwa nyundo. Desturi inakataza kuibamiza sakafuni. Bandua nyama kwenye kifuu, ila usimenye ngozi ya kahawia, ndiyo upande "mweusi". Kata vipande vinne vinavyolingana. Kwao Wayoruba hutumika kokwa ya kola ya vipande vinne. Kuba nazi ikashika nafasi yake.

Mwalimu wa Dini: Ahsanteni. Naweza kuingiza na hesabu ya uwezekano?

Mvule: Unaweza. Kati ya njia 16, Eyeife ina 6, Itagua 4, Okana 4, Alafia na Oyekun moja moja. Waeleze tu kwamba nazi ina mbonyeo, haianguki kama sarafu.

Zingifuri: Swali liwe moja, la ndiyo au hapana. "Nisafiri au nisubiri?" halijibiki kwa nazi. Kwenye ibada yenyewe maji humwagwa chini kwanza, wafu hutajwa, ndipo orisha huitwa kwa dua ya moyuba. Hiyo dua usiiigize, tafadhali: hutaja marehemu wa ukoo wa kidini wa anayeuliza, na kuwaita kwa maonyesho ni kuwavunjia heshima. Ishia kwenye kusoma ishara. Mambo mazito nayo hayaulizwi kwa nazi, hupelekwa kwenye dilogún, kauri 16 zinazosomwa na aliyewekwa wakfu.