Muswada uliopitishwa na Bunge la Tanzania huwa sheria lini hasa?

Karani wa Masjala:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Kila Bunge linapokutana Dodoma, taarifa ya habari ya usiku hutangaza kwamba sheria fulani imepitishwa, na asubuhi yake mkuu wangu wa kazi hutaka tubadilishe fomu zote za wateja. Je, kura ya wabunge ndiyo hatua ya mwisho? Na mtu asiye mbunge husikilizwa wakati gani?

Msomaji wa Hansard:
Kura hiyo si ya mwisho. Ibara ya 62 ya Katiba inalipa Bunge sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge, kwa hiyo kilichopitishwa ukumbini hubaki muswada mpaka Rais aukubali.

Muswada husomwa mara tatu. Mara ya kwanza haina mjadala: Katibu husoma jina lake tu, nao hupelekwa kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika. Hapo ndipo mwananchi husikilizwa, kwa kuwa Kamati hualika wadau kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, ingawa kamera huja baadaye. Waziri anaposimama kutoa hoja kwamba muswada usomwe mara ya pili, mengi yamekwisha kukubaliwa kati ya Serikali na Kamati.

Mjadala huo ukiisha, Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, na Spika huitwa Mwenyekiti. Ibara za muswada huitwa moja baada ya nyingine, na mbunge anayetaka badiliko huwa amewasilisha mapema jedwali la marekebisho. Ukiifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, utakuta safu ndefu ya ibara zilizopitishwa bila mabadiliko yoyote, halafu ghafla kurasa kadhaa za mvutano juu ya kiwango cha faini katika kifungu kimoja. Kisha Bunge hurudi kukaa kama kawaida, Waziri hutoa taarifa, na muswada husomwa mara ya tatu.

Mdau wa Kanuni:
Niongeze jambo moja. Muswada wa Serikali hutakiwa kuchapishwa katika Gazeti la Serikali kabla ya kuingia bungeni, lakini Rais akitia saini hati ya dharura, muda huo wa wananchi kuusoma huminywa sana. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2015 kwa miswada mitatu ya mafuta na gesi, ambayo wabunge wa upinzani waliilalamikia kwa sababu hiyohiyo. Dharura za kweli zipo, ila sheria ya kudumu miaka mingi nadhani ingestahili kusubiri.

Karani wa Masjala:
Nashukuru. Na Rais akikataa?

Msomaji wa Hansard:
Ibara ya 97 inamtaka aurudishe pamoja na sababu zake. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi 6 kwisha, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukiungwa mkono hivyo na kupelekwa tena ndani ya muda huo, Rais hutakiwa kuukubali kabla ya siku 21 kutimia, la sivyo alivunje Bunge. Ni rahisi kuona kwa nini pande zote mbili huepuka kufika huko.

Kuhusu fomu zenu, hata saini ya Rais haitoshi kujua siku ya kuanza. Sheria isiyotaja tarehe huanza kutumika inapochapishwa katika Gazeti la Serikali, lakini nyingi humwachia Waziri kuitangaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo bila shaka inaihusu masjala yenu, ilipitishwa Novemba 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwonyeshe mkuu wako kifungu cha mwanzo kabisa cha sheria yoyote, kinachotaja jina na kuanza kutumika, kabla hajaagiza fomu mpya zichapishwe.