Rimu za inchi 15 zilizokuja na gari: je, tairi la 205/65 linaweza kuchukua nafasi ya 195/65?

Muulizaji:
Habari zenu, wakuu. Matairi ya gari langu yamebaki vipara na nataka kuyabadilisha yote manne. Rimu ni zile zile zilizokuja na gari, na ubavuni mwa matairi pameandikwa 195/65 R15 91H. Muuzaji hana kipimo hicho. Anasema nichukue 205/65 R15 kwa kuwa rimu haibadiliki. Kuingia naamini litaingia, lakini je, litafaa, ikizingatiwa kwamba mara nyingi tunasafiri watu watano na mizigo?

Mchangiaji wa kwanza:
Una haki ya kusita, ndugu. Namba 15 inakuhakikishia tu kwamba tairi litakaa kwenye rimu. Kimo chake inabidi ukipige hesabu. 195 ni upana kwa milimita, na 65 ni asilimia ya upana huo inayokwenda kwenye ubavu, hivyo ukiongeza upana na kuiacha 65 palepale, tairi linanenepa na kurefuka kwa pamoja. La sasa lina kimo cha milimita 634.5, na la 205/65 linafika 647.5. Mwendo ambao spidomita ilikuwa ikiuonyesha kuwa 100, sasa itauonyesha kuwa 98. Hilo linavumilika. Kinachonitia wasiwasi ni nafasi, kwa sababu tairi litasogea milimita 5 kuelekea springi na kupanda milimita 6.5 kuelekea madigadi, na gari likipakiwa hushuka.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono, kwani yalinikuta. Nilipokuwa peke yangu garini sikusikia chochote. Siku tulipojaa, kila tuta lilikuja na mkwaruzo. Nililala chini na tochi, nikakuta mstari mweusi unaong'aa kwenye plastiki ya ndani ya madigadi. Kama ni lazima ubadilishe kipimo, 205/60 R15 ina milimita 627, karibu zaidi na la sasa. Hata hivyo, usilinganishe na tairi lililofungwa kabla hujafungua mlango wa dereva na kusoma kibandiko kilichopo kwenye nguzo, maana gari lililopita mikononi mwa wengine huenda lilishabadilishwa matairi. Angalia pia namba ya uzito: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, na haifai kushuka chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji.

Muulizaji:
Nashukuru sana, wakuu. Nimefungua mlango, na kibandiko kinasema 185/65 R15 88S. Kumbe hata haya ya 195 yalifungwa na mwenye gari aliyenitangulia! Kwa hesabu mliyonifundisha, kimo halisi ni milimita 621.5, kwa hiyo la 205/65 lingezidi kwa milimita 26, zaidi ya asilimia 4. Nimemwomba muuzaji aniagizie 185/65 R15 yenye namba ya uzito isiyopungua 88, nami nitasubiri, safari ndefu zikisimama hadi yafike.