Naombeni ushauri: nataka kijana mpole acheze zimwi, prodyuza anataka baunsa

Mwana_Chumbageni

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo yenu hasa nyie mlioshawahi kuongoza filamu au hata michezo ya jukwaani.

Tuko kikundi kidogo hapa Tanga, tunatengeneza filamu fupi ya dakika kama 25 hivi. Hadithi ni ile ya zimwi na msichana wa kwenye ngoma, wengi mmesimuliwa na bibi zenu. Kwa asiyeijua, wasichana wanaenda pwani kuokota makombe, mmoja anasahau kombe lake juu ya mwamba, anarudi peke yake jioni huku anaimba kujipa moyo, anamkuta zimwi kakaa palepale. Zimwi anamwambia imba tena, sogea nisikie vizuri, akisogea anamdaka anamtia ndani ya ngoma. Basi anazunguka nae kijiji hadi kijiji, akipiga ngoma sauti ya mtoto inaimba humo ndani, watu wanashangaa wanampa wali na kuku, mpaka anaingia kijiji cha wazazi wa mtoto na mama anaitambua sauti ya mwanae.

Mimi ndo muongozaji. Kuna kijana namtaka, tumwite A. Ni mrefu sana anakaribia mita 2, mwembamba, ana mikono mirefu, akiongea inabidi umsogelee ndo umsikie. Kacheza na sisi jukwaani miaka 4, huyu mtu anaweza kukaa kimya sini nzima na macho ya watu wote yakawa kwake. Sasa prodyuza, ambaye ndo mwenye hela, kakataa katakata. Anasema zimwi lazima litishe, anamtaka jamaa mmoja baunsa, mwili nyumba, wafuasi kibao Instagram. Kaniambia huyo wako hata kuku hamkimbii.

Jumamosi ndo kikao cha mwisho. Nimweleweshe vipi huyu mzee? Hii filamu naiota tangu bibi yangu yuko hai.

Mkazi wa Makorora

Dada pole ila mimi nasimama na prodyuza. Mtu anaangalia posta ya filamu sekunde 2 ashaamua aangalie au apite. Baunsa mwenye wafuasi analeta watu, huyo kijana hata akiwa na kipaji vipi nani anamjua? Hela ya mwenzio ikipotea hakupi nyingine.

Babu Jukwaa

Mwanangu, nimefundisha sanaa za maonyesho miaka mingi, ngoja nikuambie ninachokiona. Hoja yako iko ndani ya hadithi yenyewe, hujaichukua tu.

Jiulize zimwi huyu anakula vipi. Havunji milango, havamii mtu. Anafika kijijini anapiga ngoma, anaombwa aingie, anatandikiwa mkeka, anapewa kuku. Vijiji vyote vile vinampenda! Na mtoto nae hakukimbizwa, aliambiwa imba tena akasogea mwenyewe kwa miguu yake. Sasa mlete baunsa amesimama juu ya mwamba jua linazama, mtoto gani atasogea? Mtazamaji atasema huyu mtoto mjinga, na hapo hadithi imekufa dakika ya 4. Lakini ukimweka mtu wa sauti ya chini ambaye hata mimi mtu mzima ningemsogelea nimsikie, basi mtazamaji kasogea pamoja na mtoto, na akidakwa wamedakwa wote wawili. Hofu ya hadithi hii inatoka kwenye ukarimu wetu wenyewe, kwamba tumemlisha aliyetubebea mtoto.

Mwenye hela ukimpa mifano anatulia, basi mpe huu. Forest Whitaker, muigizaji wa Marekani, ni mtu anayejulikana kwa upole wake, na ndiye aliyepewa kumcheza Idi Amin kwenye filamu ya mwaka 2006. Alijifunza mpaka Kiswahili kwa ajili ya kazi ile, na mwaka 2007 akachukua tuzo ya Oscar. Mtazame, nusu ya kwanza unacheka nae, unataka awe rafiki yako, ndo maana akigeuka unaganda. Angewekwa mtu wa kufoka tangu mwanzo tungechoka nae mapema.

Fundi_Mekapu

Naongezea upande wa ufundi maana nadhani hapo ndo utampata prodyuza kirahisi, wazee wa hela wanapenda hesabu.

Mtu mwembamba unamjazia, mtu mnene humpunguzi. Ukimvalisha baunsa sponji na ngozi ya kubandika anakuwa kama godoro linatembea, na kila mtu anaona wazi kuwa kuna mtu ndani. Mwembamba unaweka nundu unapotaka, unarefusha vidole, na bado mwili unapinda. Ile filamu ya Alien ya 1979, ya dude la angani linalowinda watu kwenye chombo, aliyevaa lile dude alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mrefu kama mita 2.08 na mwembamba haswa, mwanafunzi wa sanaa ya michoro aliyeonekana baa huko London. Hakuwa muigizaji kabisa. Walimchukua kwa sababu mikono na miguu yake ilikuwa mirefu kiasi kwamba ukimwangalia ndani ya ile nguo akili inakataa kuwa ni binadamu, wakampeleka kujifunza kutembea taratibu. Hakucheza filamu nyingine mpaka anafariki 1992, na mpaka leo watu wanaliogopa lile dude.

Halafu angalieni joto, mimi Tanga naijua. Shutini alfajiri na jioni, mapumziko kila baada ya muda mfupi, maji karibu, na awepo mtu mmoja kazi yake kumwangalia yeye tu. Kingine, jaribuni macho. Muigizaji Doug Jones alipocheza yule kiumbe mwenye macho viganjani kwenye filamu ya Pan's Labyrinth mwaka 2006 alikuwa anaona kupitia matundu ya pua ya kinyago. Kijana wako atatembea kwenye mchanga na miamba akiwa kabeba ngoma yenye mtoto ndani, hapo sio pa kubahatisha hata kidogo.

jr_wa_Pongwe

Mbona mnajichosha na mekapu, tafuteni mtu mwenye kilema cha uso mmalize kazi, gharama zinashuka

Mama Salha

Hapana mwanangu, hilo hapana. Nchi hii watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya watu kuamini kuwa wao sio binadamu kama sisi. Ukimweka mtu kuwa zimwi kwa sababu ya uso aliozaliwa nao, unamfundisha mtoto anayeangalia kwamba akikutana na uso ule barabarani akimbie au aokote jiwe. Zimwi awe zimwi kwa matendo yake.

Na wewe mwenye uzi nikuulize mwanangu. Umetuambia ni mrefu, mwembamba, ana mikono mirefu. Mwenyewe umeshamuuliza? Anajua kuwa mnabishana juu ya mwili wake?

Mwana_Chumbageni

Mama nimesoma swali lako nimekaa kimya muda mrefu. Sijamuuliza. Niliona nipambane na prodyuza kwanza ndo nimpe habari njema. Na sasa nakumbuka aliwahi kunisimulia shuleni walikuwa wanamwita jini, alikuwa anakaa dawati la mwisho anajikunja ili asionekane. Namwendeaje mtu kama huyu nikamwambia nataka uwe zimwi? Hapa ndo nahitaji msaada kuliko hata ule wa prodyuza.

Dada_Mganga

Mimi nimecheza mchawi kwenye tamthilia misimu 2. Wifi yangu aliambiwa msibani asinikabidhi mtoto wake. Sokoni wamama walikuwa wanawavuta watoto nikipita. Kwa hiyo naongea kitu nakijua.

Mwambie ukweli wote kwa mpangilio huu. Anza na kazi yake, taja sini moja uliyomuona jukwaani ikakushika, itaje kabisa siku na mahali ajue humbembelezi. Halafu mwambie kuhusu urefu, usiuruke, maana ukiuruka atajua unauficha. Halafu mpe nafasi ya kukataa bila kupoteza nafasi yake kwenye kikundi. Mimi hiyo ya mwisho sikupewa, na ndo iliyoniuma kuliko maneno ya sokoni.

Akikubali ashirikishwe kulitengeneza hilo zimwi, atembee vipi, aimbe vipi. Muigizaji Boris Karloff kwenye filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931 alitoa mwenyewe meno ya bandia ya upande mmoja shavu likabonyea, na lile shavu ndo likawa uso wa kiumbe cha Frankenstein. Lakini mwanzoni mwa filamu jina lake hawakuliandika, waliweka alama ya kuuliza, likaja kutokea mwishoni. Nyie msifanye hivyo, jina liwe kubwa, na itafutwe picha yake akiwa na sura yake mwenyewe anacheka na huyo mtoto, isambazwe hapo mtaani kabla hata filamu haijatoka. Na malipo yawe juu, anayekaa ndani ya ngozi kwa muda wa saa 6 halipwi sawa na anayekuja na kanzu yake kutoka nyumbani.

Babu Jukwaa

Sikiliza hilo la dada, ni dhahabu. Kuhusu kikao, usiende na maneno mengi mwanangu, nenda na klipu. Chukua sini moja tu, zimwi anabisha hodi nyumba ya watu anaomba maji. Hakuna mekapu, hakuna ngoma, shuka nyeusi mabegani inatosha. Wacheze wote wawili, baunsa nae apewe haki yake, nyumba ileile, simu ileile. Halafu kaa kimya acha mzee aangalie.

Mkazi wa Makorora

Nimesoma yote. Ile hoja ya mtoto kusogea mwenyewe sikuwa nimeiwaza, nimebadili mawazo. Ila huyo baunsa msimtupe, wekeni awe baba wa mtoto. Mtu mwenye nguvu zote zile na mwanae yuko ndani ya ngoma mbele yake hajui, anampigia makofi zimwi.

Mwana_Chumbageni

Wakuu nimerudi. Hiyo ya baba wa mtoto nimeisoma nikasimama kwenye kiti, nimeshaiandika kwenye skripti.

Alhamisi nilienda kwa A nyumbani kwao, mama yake alikuwepo. Nikasema kama dada alivyonielekeza, sini niliyoitaja ni ile ya mwaka juzi alipocheza mfungwa, nikaja kwenye urefu, nikamwambia pia kuwa akikataa nafasi yake iko palepale. Mama yake akauliza watu hawatamsema mwanangu? Nikamjibu kuna watakaomsema, nikamweleza tutakachofanya. A alinyamaza kama dakika 2 hivi halafu akaniuliza, "Zimwi anapenda ule wimbo au anapenda kuku tu?" Nikamwambia sijui. Akasema basi mimi nadhani anaupenda wimbo, ndo maana alisema imba tena.

Ijumaa tukarekodi wote wawili. Baunsa kafanya vizuri, na ni mtu muungwana sana. A alipobisha hodi, bibi mwenye nyumba, ambaye tulishamweleza kila kitu, alinyanyuka akaenda kumletea maji kweli.

Jana prodyuza kaangalia klipu zote. Ya A kairudia mara 3. Hajasema ndio, kasema nimletee A akiwa na mtoto atakayecheza ndo atoe jibu, ila kaanza mwenyewe kuuliza ngoma itakuwa ya ukubwa gani. Mtoto ana miaka 9. Kuna mtu anamjua fundi wa ngoma huku Tanga au hata Muheza anayeweza kuchonga yenye mlango wa nyuma na matundu ya hewa ya kutosha?