Mtoto wa mwaka 1 na miezi 2 anatema dawa ya kichomi, wenzangu mnawanyweshaje?

mama_uyole
Habari zenu wadau, naombeni msaada wa haraka kidogo. Nipo Uyole, mwanangu ana mwaka 1 na miezi 2, kilo 10 na kitu, juzi alikuwa anakohoa na kuhema haraka haraka nikamkimbiza kituo cha afya wakasema ni kichomi, tukapewa amoxicillin vile vidonge vya kuyeyusha vya 250, viwili asubuhi viwili jioni siku 5, pamoja na paracetamol ya maji kwa ajili ya homa. Shida ni kumnywesha jamani, ni vita. Naviyeyusha kwenye nusu kikombe cha maji ili anywe taratibu, akishaonja mara mbili anakaza meno, nikimlazimisha anatapika vyote pamoja na maziwa aliyonyonya. Bibi yake anasema nimbane pua atafungua mdomo mwenyewe, ndo walivyolelewa wote huko Tukuyu na wapo, au nimchanganyie kwenye uji wa ulezi asijue. Alafu leo homa imeshuka anacheza kabisa, baba yake anasema basi tuache, zilizobaki tutunze siku akiumwa tena. Sasa akitapika narudia au nasubiri ya jioni? Uji unafaa? Na usiku nimwamshe? Baridi ya huku Juni mnaijua, kumtoa mtoto kwenye blanketi saa sita usiku sitaki hata kufikiria.

baba_mapacha_ir
Kamwene mama, pole na kuuguza. Nusu kikombe!! Hapo ndo tatizo lilipo, sio mtoto mkorofi. Hata wewe mtu mzima upewe nusu kikombe cha kitu chenye ladha ya dawa utagoma. Vile vidonge vinayeyuka kwenye maji kidogo tu, weka viwili kwenye kijiko kikubwa au kikombe kidogo, maji safi yaliyochemshwa yakapoa vijiko viwili vya chai basi, subiri vimumunyuke, koroga, mpe hapo hapo. Kama bado ananyonya unaweza kukamua maziwa yako ukayeyushia humo, wangu ndo ilikuwa ponapona yao. Kikibaki kiungaunga chini ongeza maji kidogo sana suuza umpe nacho maana na yenyewe ni dawa.

Kingine nunua sirinji ya ml 5 duka la dawa, ile isiyo na sindano, bei yake ndogo. Na kile kifuniko chake kidogo cha mbele kitupe kabisa kabla hujamsogelea mtoto, kinaweza kumrukia kooni.

kyela_ndo_kwetu
Mnawadekeza watoto wa siku hizi. Bibi yuko sahihi, bana pua, mlaze chali, mwaga kooni, sekunde mbili kazi imeisha. Sisi tumekunywa klorokwini chungu namna ile kwa staili hiyo hiyo na tupo humu tunachati

dadamfamasia_mkb
@kyela_ndo_kwetu hapana kaka yangu, hilo usimwelekeze mtu. Nauza dawa Makambako na hili naliongea karibu kila siku. Mtoto ukimbana pua anavuta hewa kwa mdomo kwa nguvu, dawa uliyomwaga inafuata hewa inaingia kwenye mapafu badala ya tumbo. Na huyu tayari mapafu ndo yanaumwa! Kumlaza chali akiwa analia ni hivyo hivyo.

Mama fanya hivi. Mkalishe mapajani ameinuka kiasi, kichwa kiegemee kwenye mkono wako, mkono wake mmoja uupitishe nyuma ya mgongo wako na huo mwingine umshike, akiwa wa mateke mfunge na kitenge. Sirinji ipitishe pembeni ya mdomo, katikati ya shavu na fizi, usielekeze kooni. Sukuma kidogo kama ml 1, subiri ameze, sukuma tena. Akilia subiri, usisukume wakati amefungua mdomo kwa kilio. Akimaliza mpe ziwa.

Uji haukatazwi, dawa hii inanyweka na chakula au bila chakula, ila usiweke kwenye bakuli zima. Atakula nusu atasusa, utajuaje ameingiza dozi kiasi gani? Na anaweza kuuchukia uji wenyewe, hapo umepoteza dawa na chakula. Ukitaka uji chukua vijiko viwili tu vilivyopoa, changanya, mpe vyote, ndo aendelee na uji wake wa kawaida.

Kutapika: akitapika ndani ya nusu saa rudia dozi ile ile. Ikishapita nusu saa na zaidi iache, endelea na ya jioni, usimpe mara mbili kufidia. Ukirudia vidonge vitapungua, usikate siku, rudi pale ulipopewa waambie wakuongezee. Ila akiwa anatapika KILA kitu hata ziwa hiyo sio ya kukaa nyumbani unasoma majibu humu, mrudishe.

mwalimu_mafinga
Mimi naomba niongelee baba wa mtoto maana huyo baba ni sisi wote 😂 Homa kushuka siku ya pili haina maana wadudu wamekwisha, paracetamol nayo inashusha homa kwahiyo huwezi kujua kipi kimefanya nini. Siku 5 ni siku 5. Ni kama zile zinki wanazopewa watoto wa kuharisha, kuharisha kunakata mapema lakini kidonge kinaendelea hadi siku ya 10. Na hiyo "tutunze akiumwa tena" ndo mbaya zaidi, kikohozi kijacho kinaweza kuwa mafua tu yasiyohitaji antibayotiki, na hata kikiwa kichomi kweli utakuwa na dozi nusu ya uzito wa zamani. Dawa ya mtoto inaenda kwa kilo zake za siku ile.

Jirani yangu hapa kuna siku alimpa mdogo sirapu ya kaka mtu iliyokaa kabatini tangu mwezi uliopita. Zile za unga ukishaweka maji nyingi mwisho siku 7, soma chupa, zikipita mwaga hata kama imebaki nusu na hata kama ulinunua kwa hela yako.

kyela_ndo_kwetu
Sawa dada mfamasia nimekuelewa, nafuta kauli ya pua. Lakini la kumwamsha usiku hamjajibu, na sisi wa Kyela malaria ni ya kwetu, dawa mseto ile tuliambiwa lazima kuamsha.

dadamfamasia_mkb
Ahsante kwa kukumbusha, watu wanachanganya sana hapo. Amoxicillin ya huyu mtoto ni kutwa mara 2, yaani kila baada ya masaa 12. Saa moja asubuhi na saa moja jioni inatosha, hamna kuamshana. Ukichelewa mpe ukikumbuka, ila kama ya pili imeshakaribia sana usiziunganishe.

Dawa mseto ndo ina mambo yake. Dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza, kwahiyo ukimpa ya kwanza saa kumi jioni ya pili inaangukia saa sita usiku, hapo unaamka tu hata kama nje kuna sakitu. Baada ya hapo inakuwa asubuhi na jioni hadi zitimie dozi 6 ndani ya siku 3. Na mpe na ziwa au chakula chenye mafuta kidogo, inaingia vizuri mwilini, usimpe tumbo tupu.

Na hiyo paracetamol ya maji mama, soma chupa imeandikwa miligramu ngapi kwa ml 5. Zipo za 120, zipo za 250, na yale matone ya vichanga ni makali zaidi ingawa kichupa kidogo. Kijiko cha nyumbani usikiamini, cha kwako na cha mama mkwe havilingani, pima na sirinji au kile kikombe chenye mistari. Ni ya homa na maumivu, homa hamna basi acha. Ikiwepo ni kila masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Angalia usije ukamnunulia na sirapu ya mafua pembeni, baadhi zina paracetamol ndani unakuwa umempa mbili bila kujua. Aspirini kwa mtoto hapana.

mama_uyole
Jamani ahsanteni, ndaga fijo. Nimepata sirinji hapa hapa Uyole na jioni hii nimeyeyusha kwa vijiko viwili, amelia ndio ila zimeingia zote, kidogo tu ndo kimetokea pembeni ya mdomo. Baba yake nimemsomea majibu ya mwalimu akanyamaza 😂 Chupa ya paracetamol imeandikwa 120, wameniandikia ml 5. Mama mkwe sasa anauliza asali na limao kwa kikohozi je

dadamfamasia_mkb
Ml 5 kwa kilo zake ni sawa. Asali kidogo kwa kuwa ameshavuka mwaka haina shida, chini ya mwaka 1 ndo marufuku. Mwambie bibi isiwe badala ya dawa.

Walikwambia urudi lini? Mara nyingi ni baada ya siku 2 au 3 wamwangalie, usiache kwa kuwa anacheza. Na kabla ya hapo ukiona kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, au hawezi kunyonya, au analegea haamki vizuri, au degedege, nenda muda huo huo. Akiwa ametulia amelala mhesabu pumzi dakika nzima, kwa umri wake 40 na kuendelea ni haraka. Akitoka vipele vya kuvimba au uso ukavimba simamisha dawa nenda nacho kidonge ulichokuwa unampa.

mama_kichanga_njombe
Nadandia hapo hapo, wangu ana wiki 5 anakohoa na mwili wa moto, naweza kumpa nusu ya hiyo hiyo amoxicillin? Ninayo ya dada yake

dadamfamasia_mkb
Hapana!! Chini ya miezi 2 hamna dawa ya nyumbani. Mfunike vizuri, mnyonyeshe, mpeleke hospitali sasa hivi usisubiri asubuhi. Ukifika tuambie.