Tupeane uzoefu: swali la chemsha bongo chuoni ambalo hadi leo linakunyima usingizi

Nilibonyeza Mapema
Wakuu, heshima kwenu. Jana mdogo wangu aliyeanza chuo mwaka huu alinitumia orodha ya maswali 40 ya maarifa ya jumla ambayo timu ya kitivo chao inayafanyia mazoezi, akaniomba nimpime kwa simu. Tulikwenda vizuri hadi swali la 17, na hapo nikanyamaza kwa muda mrefu mpaka akadhani simu imekatika. Swali lenyewe lilikuwa hili: ni sayari ipi yenye joto kali kuliko zote katika mfumo wa jua?

Mimi nilisoma fizikia. Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa nahodha wa timu ya kitivo chetu, na tulifika fainali tukalingana alama na wapinzani hadi likabaki swali moja tu. Mliowahi kucheza kwa kengele mnaijua sheria: ukibonyeza kabla msomaji hajamaliza, anakomea hapo hapo nawe unajibu kwa kile ulichokisikia, na ukikosa, wapinzani husomewa swali zima. Msomaji alianza, "Sayari iliyo karibu zaidi na jua...", na kidole changu kikawa kimekwisha kubonyeza. Nikatamka "Utaridi" kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba. Msomaji alinitazama, akashusha macho kwenye karatasi, kisha akawageukia wapinzani na kuwasomea taratibu: "Sayari iliyo karibu zaidi na jua ni Utaridi, lakini haiongozi kwa joto. Ni ipi yenye joto kali kuliko zote?" Wakajibu Zuhura bila hata kushauriana.

Kukosa peke yake ningekuvumilia. Usiku wa kuamkia siku ile, mimi mwenyewe ndiye niliyewaeleza wenzangu kwamba Zuhura, ingawa iko mbali zaidi na jua, imefunikwa na hewa nzito ya kaboni dioksidi isiyoruhusu joto kutoka, kiasi kwamba usoni pake hufikia nyuzi 460 na ushee za Selsiasi mchana na usiku, ilhali Utaridi, kwa kukosa hewa ya maana ya kulishika joto, hupoa usiku hadi chini ya nyuzi 170 hasi. Mwenzetu mmoja aliyekuwa ameyaandika maelezo hayo alilifungua daftari lake pale pale jukwaani, akaliweka mbele yangu likiwa wazi kwenye ukurasa ule, akashuka ngazi bila kusema neno.

Nimeanza. Naomba na ninyi mseme yenu.

Binti wa Maktaba
Pole sana, mkuu. Hilo daftari limeniuma kuliko jibu lenyewe.

Mzee wa Ramani
Umenikumbusha mbali. Mimi niliulizwa mji mkuu wa Australia, nikasema Sydney mbele ya mhadhiri wangu wa jiografia, ambaye alikuwa mwamuzi. Canberra nilikuwa nimeisoma. Nilijua hata kwamba ulijengwa kama suluhu ya mvutano kati ya Sydney na Melbourne, na kwamba Bunge lilihamia huko mwaka 1927. Ila ulimi ulikwenda kwenye mji maarufu kabla akili haijafika.

Nawashauri vijana waangalie kwanza mwaka wa atlasi ndipo waifungue. Mji mkuu wa Kazakhstan ulikuwa Astana, mwaka 2019 ukaitwa Nur-Sultan, na mwaka 2022 ukarudi kuwa Astana. Mwenye kitabu cha miaka ya 2000 na mwenye kitabu kipya kabisa wote watapata alama, na wa katikati atalia.

Nahau
Mimi nilipokonywa alama mchana kweupe. Niliulizwa Afrika ina nchi ngapi, nikajibu 55. Mwamuzi akasema ni 54. Nikamweleza kwa adabu kwamba Umoja wa Afrika una wanachama 55, akaniambia nikae.

Nukta Mkato
Mwamuzi alikuwa sahihi. Wanachama wa Umoja wa Mataifa kutoka Afrika ni 54.

Nahau
Swali halikutaja Umoja wa Mataifa. Lilisema "Afrika ina nchi ngapi", na Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara ni mwanachama kamili wa Umoja wa Afrika. Mtunzi asiyetaja kipimo chake hana haki ya kumpokonya mtu alama.

Nukta Mkato
Ndugu yangu, katika chemsha bongo jibu sahihi ni lile lililo kwenye karatasi ya mwamuzi. Ukitaka mjadala wa kina, subiri semina.

Kidole Kizito
Naunga mkono hoja ya Nahau. Sisi tulipoteza dakika kumi nzima za mchuano kwa sababu ya mto mrefu kuliko yote. Karatasi ilisema Naili, mwenzetu akasema Amazoni, na akataja watafiti wa Brazil ambao mwaka 2007 walidai kuwa Amazoni una kilometa 6,800 hivi, zaidi ya zile 6,650 ambazo kwa kawaida hutajwa kwa Naili. Mwamuzi alimuuliza kama ana ushahidi mfukoni.

Mzee wa Ramani
Urefu wa mto hutegemea unaanzia kuupimia kwenye chemchemi ipi na unaishia kwenye mdomo upi. Swali hilo lingefaa kupigwa marufuku.

Mtunzi wa Zamani
Nimesoma maumivu yenu yote tangu jana nikiwa na aibu, kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Sikuwahi kubonyeza kengele hata mara moja. Nilikuwa mtunzi wa maswali, na kwa miaka mingi nimebeba jambo ambalo sijamwambia mtu.

Katika mashindano ya vyuo, nikiwa mwaka wa tatu, nilipewa kazi ya kuandaa maswali ya nusu fainali, nami niliyaandaa usiku mmoja kwa haraka kwa sababu nilikuwa na mtihani asubuhi yake. Swali la mwisho niliandika hivi: "Jangwa kubwa kuliko yote duniani ni lipi?" Mbele yake nikaandika Sahara, wala sikukihakiki nilichokiandika, maana nani anahakiki Sahara?

Swali liliposomwa, msichana mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa mwisho wa meza, ambaye raundi nzima alikuwa amezungumza mara mbili tu, alibonyeza kengele na kusema, "Antaktika." Ukumbi ukacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kile cha watu wanaodhani mtu amefanya mzaha. Mwamuzi naye akatabasamu, akasema samahani, akawapa wapinzani nafasi, nao wakasema Sahara wakapigiwa makofi. Msichana alisimama nusu, mkono mmoja ukiwa bado juu ya kengele, akasema, "Jangwa ni uhaba wa mvua." Sauti ikamezwa na makofi. Nahodha wake alimvuta kwa mkono wa shati akaketi. Timu yao ilitoka kwa tofauti ya alama kumi, ambazo ndizo alama za swali moja.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi, na sentensi ile niliisikia. Baada ya mtihani niliingia maktaba, nikakuta kile ambacho ninyi nyote bila shaka mnakijua: kwamba eneo huitwa jangwa kwa uchache wa mvua au theluji inayoliangukia na wala si kwa mchanga wake, kwamba Antaktika ina kilometa za mraba zipatazo milioni 14 na Sahara milioni 9 na kidogo, na kwamba Sahara ni kubwa kuliko majangwa yote ya joto. Neno moja, "joto", lingeliokoa swali langu. Fainali ilikuwa siku mbili mbele, kwa hiyo muda wa kumwona mwamuzi nilikuwa nao. Sikwenda. Nilijiambia kwamba nikikiri nitafukuzwa kwenye kamati, na kwamba yeye atasahau.

Binti wa Maktaba
Nimeisoma mara mbili. Mkono ukiwa bado juu ya kengele.

Nilibonyeza Mapema
Mimi ndiye mleta mada, na ninakiri kwamba Zuhura yangu sasa imekuwa jambo dogo.

Kidole Kizito
Mtunzi, samahani kwa kuuliza: je, timu hiyo ilikuwa na nahodha mrefu mwenye kigugumizi? Dada yangu aliwahi kutolewa nusu fainali kwa swali lililokosewa, na hadi leo hataki mazungumzo hayo.

Mtunzi wa Zamani
Hapana, nahodha wao alikuwa mfupi na msemaji sana.

Kidole Kizito
Basi watunzi wabovu mlikuwa wengi.

Nukta Mkato
Tusimsulubu. Nilisema na narudia kwamba mchezo huu una sheria zake. Huyo dada alijua ukweli, lakini hakujua anacheza na nani. Mchezaji mkomavu hujiuliza mtunzi ameandika nini, kisha humpa kile anachokitaka.

Nahau
Kwa hiyo chuo, mahali pa kutafutia elimu, kimfundishe mwanafunzi kukisia makosa ya mtu mwingine? Nimestaajabu.

Nukta Mkato
Nimeshinda vikombe vitatu kwa njia hiyo. Wewe una 55 na kiti.

Mzee wa Ramani
Vijana, punguzeni makali. Kosa la karatasi husafiri kuliko mnavyofikiri, kwa kuwa watunzi hunakiliana. Mmarekani mmoja, Fred Worth, aliyeandika kitabu cha mambo madogo madogo ya kujua, alitega humo kosa la makusudi kwamba jina la kwanza la mpelelezi Columbo wa kwenye televisheni ni Philip. Kosa hilo likaibuka kwenye kadi za mchezo wa Trivial Pursuit. Alifungua kesi mwaka 1984 akashindwa, kwa kuwa sheria ya hakimiliki hailindi taarifa zenyewe. Mtunzi wetu angalau kosa lake alilizaa mwenyewe.

Daftari la Mwisho
Nimechelewa kufika kwenye uzi huu, lakini kwa upande wa ushauri naona mnapotosha mdogo wake mleta mada. Asibonyeze kabla ya kusikia kitenzi kikuu cha swali. Maswali mengi mazuri huanza na jambo ambalo kila mtu analijua, halafu hugeuka kwenye neno "lakini". Asubiri hiyo "lakini".

Kidole Kizito
Akisubiri "lakini", wenzake watakuwa wamekwisha jibu na kwenda kunywa maji. Jina langu mnaliona. Nimekosa fainali mbili kwa kusubiri.

Binti wa Maktaba
Jibu la kwanza linalokuja kichwani ndilo sahihi. Usilibadilishe.

Mzee wa Ramani
Jibu la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa Sydney.

Daftari la Mwisho
Pia asikariri orodha tupu. Mimi nilimkariri Marie Curie kama mtu pekee aliyepata tuzo mbili za Nobel, na nikaanguka kwa sababu Linus Pauling naye anazo mbili, ya kemia ya mwaka 1954 na ya amani ya mwaka 1962. Curie ni wa pekee kwa kuzipata katika sayansi mbili tofauti, fizikia mwaka 1903 na kemia mwaka 1911. Ningeelewa kwa nini anatajwa, nisingekosea. Kila mkikutana na neno "pekee", "kwanza" au "kubwa kuliko yote", ulizeni: kwa kipimo gani?

Nukta Mkato
Na wakati wa kuuliza kwa kipimo gani, kengele ya wenzako inalia. Hata hivyo, la Curie nalikubali.

Nahau
Leo nimeona maajabu. Nukta amekubali jambo.

Turudi kwa Mtunzi. Ushauri wangu ni mmoja: mtafute huyo dada, mwambie alikuwa sahihi. Hata kama ni baada ya miaka mingi.

Kidole Kizito
Asimtafute. Atamfukulia kidonda kilichokwisha pona ili yeye apate kulala vizuri.

Binti wa Maktaba
Amtafute. Dada wa Kidole Kizito angefurahi kuambiwa.

Kidole Kizito
Dada yangu mnamwachia mimi.

Mtunzi wa Zamani
Wakuu, narudi baada ya wiki mbili. Nilimpata kupitia mtu tuliyesoma naye, nikamwandikia barua ndefu, nikamweleza kila kitu, pamoja na mtihani, maktaba na zile siku mbili nilizonyamaza. Amenijibu leo asubuhi. Anashukuru, ila anasema swali la jangwa halikumbuki kabisa. Anachokikumbuka ni raundi ya kwanza ya siku ile, alipoulizwa mji mkuu wa Afrika Kusini akajibu Johannesburg, na anasema kwamba mpaka leo hawezi kusikia jina la mji huo bila kufumba macho.

Nahau
Swali hilo nalo ulilitunga wewe?

Mtunzi wa Zamani
Ndiyo. Niliandika Pretoria.

Nahau
Pretoria, na Cape Town, na Bloemfontein. Serikali, Bunge na Mahakama Kuu ya Rufani. Karatasi yako ilikuwa na theluthi moja tu ya jibu.

Mzee wa Ramani
Na Mahakama ya Katiba inakaa Johannesburg. Mwandikie tena, umwambie afumbue jicho moja.