Peugeot 504 ya baba: spea za ndani nifuate Nairobi, niagize Ufaransa au nimpe fundi wa hapa?

kibosho77 (mleta mada)
Heshima kwenu wakuu. Nipo Moshi. Nina 504 aliyoiacha marehemu baba. Injini imeamka mwezi uliopita, breki zimeshafanyiwa kazi, gari linatembea. Shida ni ndani. Dashibodi imepasuka juu, sponji za siti zimekwisha, kitambaa cha paa kimeshuka mpaka kinagusa kichwa na bodi za milango zimevimba. Nimeshauriwa njia tatu: nifuate spea Nairobi, niagize Ufaransa kwa mtandao, au nimkabidhi fundi wa kava Arusha ashone kila kitu upya. Ipi bora? Nina haraka kidogo.

SindanoNaUzi
Karibu mkuu, ila bado hujatuambia gari lenyewe. Saluni au stesheni wagoni? Mwaka gani? Paa lina kidirisha cha kufungua au limeziba? Nauliza kwa sababu stesheni ni ndefu, kati ya ekseli mbili ina sentimita 290, saluni ina 274. Kitambaa cha paa na zulia la moja havikai kwenye nyingine. Weka na picha.

Themi_Juu
Usihangaike na mafundi. Agiza Ufaransa. Kuna L'Aventure Peugeot, wale wanaotunza historia ya kampuni na jumba la makumbusho kule Sochaux, wana huduma ya spea za magari ya zamani. Pata kitu halisi, funga, sahau.

Mzee_wa_404
Themi_Juu, kijana wangu, Ufaransa wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Usukani wao uko kushoto. Dashibodi ya kule ukiileta Moshi, mahali pa saa ya spidi patakuwa mbele ya abiria. Raba za milango, hendo za vioo, klipsi, hivyo agiza. Dashibodi lazima itoke nchi yenye usukani kama wetu: Kenya, Afrika Kusini, Uingereza, Australia. Kenya na Afrika Kusini waliziunganisha wenyewe, na Kenya pikapu za 504 ziliendelea kwa miaka mingi baada ya Ulaya kuacha saluni mwaka 1983.
Kibosho77, pole kwa kuondokewa na mzee. Umefanya jambo la heshima kuliamsha gari lake.

kibosho77
Shikamoo mzee. Asante sana, hilo la usukani sikulifikiria kabisa, na nilishaweka dashibodi moja kwenye oda.
Ni stesheni, ya mwaka 1981, ile ya siti safu tatu. Paa limeziba.

Mzee_wa_404
Marahaba. Futa hiyo oda leo.

Bodi_Unga
Mimi nashona siti za magari ya safari, yale ya watalii, hapa Unga Limited, mwaka wa kumi na nne sasa. Mkuu lete kazi Arusha. Nairobi utapoteza siku tatu na nauli, urudi na siti ya mtu mwingine iliyooza kama ya kwako. Hapa tunakata sponji mpya, tunavalisha leza nzito, wiki moja umemaliza. Siti zetu zinakwenda Serengeti na kurudi, vumbi na mashimo, hazibonyei.

SindanoNaUzi
Bodi_Unga nakuheshimu, kazi zenu nimeziona na ni imara. Lakini 504 si gari la safari. Sifa yake kubwa tangu inatoka mwaka 1968 ni ulaini: siti na springi za chini zinafanya kazi pamoja. Ukiweka ile sponji ngumu, dereva anakaa juu, paja linaning'inia, kichwa kinakaribia paa, na abiria anapigwa mgongo kama yuko kwenye benchi. Nimeshafungua siti mbili za namna hiyo. Wenye magari walidhani shokamzoba zimekufa, wakanunua mpya, kumbe tatizo wamelikalia.

Bodi_Unga
Hiyo ni ya fundi asiyepanga matabaka. Unaweka ngumu chini inchi mbili, laini juu, na kati ya springi na sponji unaweka gunia la katani ili springi isile sponji. Mtu akitaka ulaini nampa ulaini. Mteja asiposema, tunampa kinachodumu.

SindanoNaUzi
Hapo kwenye gunia tumeelewana. Wengi wanaliruka, halafu baada ya miezi sita springi imetoboa.

Dada_Tengeru
Naomba nieleze yaliyonikuta, kibosho77, kabla hujamkabidhi mtu yeyote ufunguo.

Mwaka 2019 nilipeleka Volkswagen yangu, ile ya duara yenye injini nyuma, kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Kitambaa cha paa kilichanika sehemu mbili, nikamwambia abadilishe chote. Kitambaa cha gari zile hakibandikwi kwenye bati. Kinaning'inizwa kwenye waya nene zilizopinda kama upinde. Kila waya inapita ndani ya mfuko ulioshonwa mgongoni mwa kitambaa, na ncha zake zinaingia kwenye matundu ya pembeni. Waya hazilingani. Ya mbele ina mpindo wake, ya nyuma ina wake, ukizibadilisha nafasi paa linakuwa na mabonde.

Nilivyorudi siku ya tatu nikakuta kitambaa cha zamani kimechomwa pamoja na takataka. Waya zimeuzwa kwa kilo kwa kijana wa chuma chakavu. Fundi alikuwa amebandika kitambaa kipya moja kwa moja kwenye bati kwa gundi ya viatu. Kusema kweli siku ile kilipendeza, nikalipa na kushukuru.

Januari nikaegesha juani nje ya kanisa, toka saa nne mpaka saa saba. Nilipofungua mlango kitambaa chote kilikuwa kimelala juu ya siti, na harufu ya gundi ilinifanya nirudi nyuma. Bati la paa lilikuwa limebaki na utando wa gundi uliokauka. Tuliukwangua kwa wiki nzima. Kutafuta waya kulinichukua mwaka na nusu. Nilizipata Mombasa kwenye gari bovu, na moja ikakosekana. Ikabidi nimwombe mtu wa Usa River mwenye gari kama langu aniruhusu kupima ya kwake, fundi wa kuchomelea akakunja nyingine. Mpaka leo pale nyuma ya dirisha pana mkunjo mmoja ambao mimi nauona kila nikiingia.

Wewe hata kama kitambaa kimeoza, hata kama bodi ya mlango imekuwa uji, ni kipimo chako. Kila kinachotoka kiwekwe kwenye boksi, kiandikwe kwa maka kilitoka wapi, na boksi lilale kwako, lisilale gereji.

kibosho77
Dada pole sana. Bodi mbili za milango ya nyuma nilishazitupa wiki iliyopita, zilikuwa zinamong'onyoka mkononi. Nakwenda kuangalia jalalani kama zipo.

SindanoNaUzi
Nenda sasa hivi. Ukizipata, zilaze juu ya boksi la karatasi ngumu, chora mzunguko na matundu yote, hata yale ambayo hujui kazi yake. Hadibodi mpya si ghali. Matundu yakikosea milimita tatu klipsi haiingii, na fundi atapigilia skrubu zinazoonekana.

Na jiulize zimevimba kwa nini. Maji ya mvua huwa yanapita kwenye raba ya kioo yanaingia ndani ya mlango, hilo ni la kawaida, yanatokea chini kwenye vitundu. Kati ya chuma na bodi kunakuwa na nailoni ya kuzuia maji. Mafundi wa vioo wakifungua mlango wanaichana na hawairudishi. Usipoweka nailoni mpya na kuzibua vitundu vya chini, masika moja tu bodi zako mpya zitavimba tena.

Themi_Juu
Nimekubali kuhusu usukani. Ila kwa dashibodi, mbona hamsemi faiba? Arusha imejaa mafundi faiba wanaotengeneza mapaa ya magari ya safari. Anachukua umbo, anamwaga, umepata mpya.

Bodi_Unga
Faiba inawezekana kama ganda la juu, ila ukiendesha barabara mbaya italia kwenye kila skrubu. Kosa lingine ni kuziba ufa kwa pati ya bodi. Chini ya ile ngozi ya dashibodi kuna sponji, inanesa; pati ni jiwe. Ufa utarudi palepale. Unatakiwa ukate kingo za ufa ziwe mteremko, ujaze kitu kinachonesa, usawazishe, halafu uvalishe leza nyembamba ukiivuta kwa joto.

Mzee_wa_404
Kwa hiyo tumerudi kwa fundi. Mimi nasema bado Nairobi kwanza. Pale Kirinyaga Road, sisi wazee tunaiita Grogan, na magereji ya pembeni ya mji ambako 504 mbovu zimelala. Pitia Namanga au Holili, omba risiti, usivushe kwa njia za panya. VAT ni asilimia 18, haifai kukamatwa kwa ajili ya hendo ya kioo. Na pima kwanza kabla ya kulipa, maana ya pikapu na ya stesheni si lazima zifanane.
Ingawa ungekuwa na Peugeot 404, iliyotangulia 504, usingepata shida hizi, gari lile halikuwa na mambo mengi ndani.

Themi_Juu
Mzee, 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas.

Mzee_wa_404
404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Hesabu mwenyewe. Na ya 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa dereva wa hapa hapa Tanzania. Siku zile mashindano yalikuwa yanapita huku kwetu, watu wanakesha kando ya barabara na chai kwenye chupa kusubiri taa.

Themi_Juu
Ile ya 1978 ilikuwa 504 kupe ya V6, si stesheni, sawa. Lakini ya 1975 ilikuwa saluni ya kawaida kabisa kwa umbo.

Dada_Tengeru
Jamani, mwenye mada ana haraka. Kibosho77, haraka ya nini?

kibosho77
Dada yangu anaolewa Desemba. Baba alimwahidi tangu yuko darasa la tano kwamba atampeleka kanisani na gari hili. Nataka apande gari ambalo baba angelitambua akifungua mlango. Sihitaji liwe jipya.
Bodi moja nimeipata jalalani, nyingine hapana.
Jambo jingine nimesahau kusema. Siti ya safu ya tatu haipo garini. Ilitolewa zamani, ipo kibarazani kwa bibi Kibosho, wanakalia wageni. Bibi aliivalisha kitenge.

SindanoNaUzi
Mkuu! Hiyo ungeisema kwanza. Chini ya hicho kitenge kuna nini?

kibosho77
Nilimpigia bibi, amekata uzi pembeni akachungulia. Kuna leza ya kahawia, anasema ina mistari na haijapasuka.

SindanoNaUzi
Basi hiyo imekaa kivulini miaka yote hiyo. Rangi, upana wa mistari, aina ya uzi, unene wa sponji, vyote viko pale. Siti ya mbele inaweza kutoka gari lingine, lakini ile ya safu ya tatu hutaipata Grogan wala Ufaransa kirahisi. Usiifumue. Mletee fundi aione ikiwa nzima, apige picha za mishono, achukue kipimo, airudishe.

Bodi_Unga
Kweli kabisa. Leza ya kahawia yenye mistari ya kiwandani siipati dukani, lakini mistari naishona mimi mwenyewe kwa kupitisha sponji nyembamba nyuma. Nikiiona hiyo siti, nakufanyia. Ila kwa Desemba niletee kabla ya mwezi wa kumi, kuanzia hapo kazi za kampuni za utalii zinajaa.

Themi_Juu
Na bibi atakalia nini?

kibosho77
Amesema nimpelekee viti viwili na godoro dogo, ndipo itoke. Namtafutia.
Jumamosi kuna mtu ananipeleka Ngaramtoni kuangalia 504 iliyokufa, anasema dashibodi ipo na usukani uko kulia. Ikishindikana naenda Nairobi wiki inayofuata. Uamuzi wa kati ya kununua na kuivalisha ya kwangu bado sijaufikia.

Mzee_wa_404
Chukua futi na tochi. Na angalia chini ya zulia upande wa dereva, maji yakishaingia huko sakafu inakuwa wavu.

Dada_Tengeru
Ukikuta hendo za vioo za milango ya nyuma naomba mbili, kuna jirani yangu hapa Tengeru anafungua kioo kwa koleo.

kibosho77
Sawa dada. Za rangi gani, nyeusi au za kung'aa?